Paketi nne kwa siku: uchambuzi wa kisa cha mlo mbadala kwa mtu mzima mwenye unene uliopitiliza

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna mtu mmoja aliyepitia yote haya kwa mpangilio huu. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanaotumia mlo mbadala, na namba zake zimepangwa ili msomaji aweze kuzipigia hesabu mwenyewe.

Mhusika ni mama wa miaka 47, urefu sentimita 164, uzito kilo 108.0, BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita) 40.2. Ana kisukari aina ya pili kilichogunduliwa miaka minne iliyopita, pamoja na shinikizo la damu. Kila siku anameza metformini gramu 1 mara mbili, gliklazidi miligramu 80 mara mbili, lisinoprili miligramu 20 na hidroklorothaiazidi miligramu 25. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa kama miezi mitatu, ni asilimia 7.8. Shinikizo lake kliniki ni 138/84. Figo ziko sawa. Ameshajaribu mara kadhaa kupunguza chakula cha kawaida. Kila mara alishuka kilo tatu au nne, kisha zikarudi zote.

Alipendekezewa mlo mbadala kamili: kwa wiki 12 hali chakula kingine chochote, anakunywa paketi nne za unga uliotengenezwa kuchukua nafasi ya chakula kwa siku, kisha chakula kinarudishwa hatua kwa hatua. Tuseme mapema tunachokiamini: wiki zile za paketi ndizo nyepesi kuliko zote katika tiba hii. Mambo huharibika siku ya kwanza, dawa zinapopangwa, na huharibika tena chakula kinaporudi. Kisa hiki kina yote mawili, na katikati yake kuna fumbo la mizani.

Alifaa kwa sababu gani

Mlo mbadala wa jumla haupewi mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari aina ya kwanza, aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, mwenye figo au ini lililochoka sana, wala mwenye ugonjwa wa ulaji kama kula kwa pupa na kujitapisha. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au lithiamu (dawa ya maradhi ya akili) anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu mabadiliko ya vitamini K, maji na chumvi huvuruga viwango vya dawa hizo. Mwenye jongo huweza kuamshiwa maumivu wiki za mwanzo. Kwa mwenye kisukari, macho yapigwe picha kwanza: sukari ikishuka ghafla, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, iliyokwisha kudhurika inaweza kuzidi kuharibika kwa muda. Mama huyu hakuwa na kizuizi chochote, na picha za macho zilikuwa safi. Aliulizwa pia kuhusu uzazi wa mpango. Swali hilo husahaulika, ilhali mwanamke anayepungua uzito haraka anaweza kurudiwa na uwezo wa kushika mimba aliodhani umekwisha.

Ushahidi wa njia hii si haba. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwachukua watu 306 wenye kisukari cha chini ya miaka sita ambao hawakuwa wakitumia insulini. Waliopewa mlo mbadala wa kalori 825 hadi 853 kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha msaada wa muda mrefu, walipungua wastani wa kilo 10 ndani ya mwaka, na asilimia 46 kati yao kisukari kilitulia bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Katika mwaka wa pili asilimia 46 ile ilishuka hadi 36.

Hesabu ya nguvu

Mwili wa mama huyu ukiwa umepumzika hutumia takriban kalori 1,700 kwa siku kwa kanuni ya Mifflin: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161 kwa mwanamke. Shughuli zake ni za kukaa, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.3 na kupata kama 2,200. Kila paketi ina kalori 205 na protini gramu 19. Nne ni kalori 820 na protini gramu 76. Upungufu ni takriban kalori 1,400 kwa siku, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama kalori 7,700, anatarajiwa kupoteza kilo 1.3 za mafuta kwa wiki mwanzoni. Kadiri anavyopungua, mwendo hupoa.

Protini ile gramu 76 haikuwekwa kupendeza lebo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 makumi ya watu Marekani walikufa wakitumia vinywaji vya protini ya kolajeni vyenye kalori chache mno. Kolajeni haina asidi amino zote ambazo mwili unazihitaji, na wengi wao mapigo ya moyo yalivurugika ghafla. Bidhaa za leo zimetungwa upya kwa kuzingatia hilo. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinataka mlo mbadala wa siku nzima uwe na kalori 600 hadi 1,200 na protini isiyopungua gramu 75, pamoja na mafuta ya lazima, vitamini na madini. Unga wa protini wa wanamichezo si mlo mbadala, na paketi iliyotengenezwa kuziba mlo mmoja tu kwa siku huenda isikidhi vitamini na madini ya siku nzima hata ukinywa nne. Lebo isomwe.

Kila paketi huchanganywa na maji mililita 200 hadi 300. Wapo wanaotumia maziwa kwa sababu ladha ni tamu zaidi. Mililita 300 za maziwa yenye mafuta yote zina kama kalori 190, na mara nne kwa siku ni 760. Hapo mtu ameshakaribia kula mara mbili ya alichopangiwa, huku akiapa kwamba hajagusa chakula. Juu ya paketi, anywe maji lita 2 hadi 2.25. Kwa choo kigumu, ambacho ndicho lalamiko la kwanza la karibu kila mtu, alipewa maganda ya mbegu za psilia gramu 3.5 mara mbili kwa siku, yakifuatiwa na bilauri kamili ya maji. Bila maji ya kutosha maganda hayo hugeuka kuwa kizibo.

Siku ya kwanza: dawa moja iliyobaki

Asubuhi ya siku ya kwanza gliklazidi ilisimamishwa. Hilo halina mjadala: dawa hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hakuna wanga wa kutosha, na mtu anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Angekuwa anatumia dawa za kundi la SGLT2, zinazotoa sukari kupitia mkojo, nazo zingesimamishwa, kwa sababu zikikutana na wanga kidogo huweza kuleta sumu ya ketoni ilhali sukari inasomeka kawaida, na kipimo cha kidoleni hakitamwonya mtu. Metformini haishushi sukari kwa hatari, lakini ilisimamishwa pia ili baadaye ijulikane wazi kama sukari inajisimamia yenyewe. Aliambiwa apime sukari asubuhi na jioni, na apige simu ikizidi milimoli 15 kwa lita.

Hidroklorothaiazidi ilisimamishwa. Lisinoprili ikaendelea, kwa hoja kwamba 138/84 si shinikizo la chini.

Siku ya kumi alipiga simu: akiinuka kitandani chumba kinazunguka, na bafuni alilazimika kushika ukuta. Alipopimwa baada ya kukaa dakika tano alikuwa na 104/66. Baada ya kusimama dakika moja, 84/58. Kushuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu mtu anaposimama kunatosha kuitwa tatizo, hata bila dalili.

Hoja ya siku ya kwanza ilikuwa na kasoro gani? Ile 138/84 ilipimwa kwa mtu anayekula kalori 2,200 na kumeza dawa mbili za shinikizo. Haikusema chochote kuhusu mwili wenye upungufu wa kalori 1,400. Wanga ukipungua, insulini hushuka, na insulini ikishuka figo huachia chumvi, na chumvi huondoka na maji. Wakati huohuo akiba ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, hutumika, na kila gramu yake huwa imeshikilia kama gramu tatu za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza alishuka kilo 3.4: mafuta kilo 1.3, zilizobaki karibu zote maji. Mwili wenye maji machache kiasi hicho hutegemea homoni za figo kubana mishipa ili shinikizo lisianguke, na lisinoprili huzuia kubana huko hasa. Kwa hiyo iliyoendelezwa ilikuwa dawa isiyopaswa kuendelezwa.

Katika DiRECT dawa zote za shinikizo zilisimamishwa siku ya kwanza, na aliyehitaji alirudishiwa. Kwa mgonjwa mwenye dawa moja au mbili zinazotumika kwa shinikizo peke yake, hiyo ndiyo njia tunayoipendelea, mradi awe na mashine ya kupimia nyumbani. Ni tofauti kabisa kwa mtu anayemeza dawa hizohizo kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi, protini kwenye mkojo au maumivu ya kifua. Kwake uamuzi ni wa daktari anayeifahamu sababu hiyo, dawa kwa dawa. Mama huyu alisimamishiwa lisinoprili, akaongezewa kikombe kimoja cha supu nyepesi ya chumvi kwa siku, na damu ikapimwa: kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, haikupanda, na potasiamu ilikuwa 4.1, yaani kawaida. Baada ya siku nne kizunguzungu kilikwisha.

Njaa, kinyume na alivyoogopa, ilikuwa kali siku tatu hadi tano za kwanza kisha ikapungua. Maumivu ya kichwa, baridi mikononi na harufu ya asetoni mdomoni vilikuja na kuondoka.

Wiki ya tano na ya sita: mizani iliyogoma

Wiki ya nne alikuwa na kilo 100.4. Jumatatu ya wiki ya tano, 100.1. Jumatatu ya wiki ya sita, 100.2. Akasema mwili umezoea, paketi hazifanyi kazi tena.

Maelezo ya mwili kuzoea ni mepesi mno kukubaliwa. Kwa uzito wa kilo 100 bado anatumia zaidi ya kalori 2,000 kwa siku. Hata tukikata mia mbili kwa ajili ya mwili unaobana matumizi, anayekula 820 hawezi kusimama wiki mbili. Kwa hiyo aliulizwa, bila kumtia aibu, aeleze siku saba zilizopita saa kwa saa, akianza na Jumamosi. Ukianza na Jumatatu, mtu hukueleza siku zake nzuri mpaka muda unakwisha.

Ikajulikana kwamba Jumamosi na Jumapili kulikuwa na shughuli za familia na alikula kama wengine. Ili kufidia, Jumatatu hadi Ijumaa alikunywa paketi mbili tu badala ya nne. Tupige hesabu. Siku tano za kalori 410 ni 2,050. Siku mbili za kalori 2,800 hivi ni 5,600. Jumla 7,650, wastani wa karibu 1,100 kwa siku. Bado ni upungufu mkubwa, na kwa wiki mbili alipaswa kupoteza karibu kilo mbili za mafuta. Inaelekea alizipoteza kweli. Ila kila mwisho wa wiki wanga na chumvi vilijaza glaikojeni na maji upya, na akapanda mizani Jumatatu asubuhi, siku ambayo maji yako juu kuliko zote.

Hasara ya kweli ilikuwa mahali ambapo mizani haipafikii. Siku tano kwa wiki alipata protini gramu 38, nusu ya kinachohitajika kulinda misuli, na nusu ya vitamini na madini. Kila Jumatatu alianza upya zile siku ngumu za njaa na kichwa kuuma, kwa hiyo Ijumaa ilimkuta amechoka, tayari kwa Jumamosi nyingine. Kupunguza paketi ili kuharakisha matokeo ndilo kosa linalofanywa na watu wenye bidii, na pengine ndiyo maana halishukiwi: anayelifanya anaonekana mtiifu kupita wote.

Marekebisho yalikuwa mawili. Paketi nne kila siku, hata siku inayofuata kula nje ya mpango. Na kwa shughuli isiyoepukika, mlo mmoja wa kalori zisizozidi 400 uchukue nafasi ya paketi mbili: samaki, kuku au mayai kiasi cha gramu 120 zilizopikwa, mboga zisizo na wanga nusu sahani, mafuta kijiko kimoja cha chai. Wanga ukiachwa, maji hayarudi kwa kishindo na njaa haiamki upya. Wiki ya saba mizani ilisoma 97.6. Kilo 2.6 kwa wiki moja zilimshangaza. Sehemu kubwa yake ilikuwa deni la maji la wiki mbili.

Alipozoea mwendo huo alionywa kuhusu kibofu cha nyongo. Mtu anaposhuka zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kwa muda, nyongo hujaa kolesteroli, na kibofu kisichobanwa na mafuta ya chakula huiacha itulie hadi vijiwe viumbike. Paketi zisizo na mafuta kabisa ni mbaya kwa sababu hiyo. Angalau gramu 7 hadi 10 za mafuta katika mlo mmoja wa siku hukibana kibofu. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa yakiambatana na homa au macho ya njano, si ya kusubiri miadi. Nywele zilianza kudondoka wiki ya kumi na moja. Hali hiyo hutokea miezi miwili hadi mitatu baada ya mwili kupata mshtuko, na kwa kawaida nywele huota tena.

Wiki ya 12: kilo 92.6. Amepungua 15.4, asilimia 14 ya uzito wake. HbA1c 6.3 bila dawa yoyote. Haikuitwa bado kisukari kilichotulia, kwa sababu makubaliano ya kitaalamu ya mwaka 2021 yanataka HbA1c chini ya 6.5 ikipimwa angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa, na kwa anayebadili ulaji, angalau miezi sita tangu aanze.

Chakula kinarudi

Wiki ya 13 na 14: paketi tatu na mlo mmoja wa kalori 400, yaani ule mlo wa hapo juu pamoja na wanga uliopikwa gramu 100. Wiki ya 15 na 16: paketi mbili, milo miwili. Wiki ya 17 na 18: paketi moja, milo mitatu. Baada ya hapo milo inakuzwa taratibu hadi kalori 1,600, kisha zaidi kidogo kulingana na mizani. Alipewa mizani ya jikoni, kwani kukadiria wanga kwa macho baada ya miezi mitatu bila sahani ni kubahatisha.

Aliambiwa kabla, si baada: wiki mbili za kwanza za chakula uzito unaweza kupanda kilo moja hadi mbili, yote ikiwa glaikojeni, maji na chakula kilicho tumboni. Asiyeambiwa huona miezi mitatu imepotea na kuacha kujipima. Shinikizo nalo hurudi pamoja na chumvi. Wiki ya 16 wastani wa nyumbani ulikuwa 146/92, na lisinoprili ikarudishwa kwa miligramu 10, nusu ya kipimo cha zamani. Hidroklorothaiazidi haikurudi.

Wiki ya 20 alifika kilo 91.4, chini kabisa. Mwezi wa sita HbA1c ilikuwa 6.1, na sasa faili likaandikwa kwamba kisukari kimetulia. Miadi ikawa ya mwezi mmoja mmoja. Hakuja mwezi wa saba wala wa nane. Mwezi wa tisa alikuwa na kilo 97.0.

Hapa wengi husema uzito ulioshuka haraka hurudi haraka. Jaribio la Melbourne, Australia, lililochapishwa mwaka 2014 liliwagawa watu 200: wengine washuke kwa wiki 12 kwa mlo mbadala, wengine taratibu kwa wiki 36. Asilimia 81 ya kundi la haraka walifikia lengo la kupungua asilimia 12.5, dhidi ya 50 ya kundi la taratibu. Miaka karibu mitatu baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha takriban asilimia 71 ya kilichopotea. Kasi haikuwa sababu. Utafiti mwingine wa mji huohuo, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya wiki 10 za kalori chache, homoni za njaa zilikuwa bado zimepanda na zile za shibe zimeshuka. Mama huyu, kwa hiyo, alikuwa na njaa zaidi ya mtu mwenye kilo 91 ambaye hajawahi kunenepa, na kliniki ilimpunguzia miadi wakati huohuo. Kama ratiba ingepangwa upya, tungeondoa miadi michache ya wiki za paketi na kuihamishia mwezi wa tano hadi wa kumi.

Mpango wa dharura ulikuwa umeandikwa tangu wiki ya 20, ila haukuwa na mtu wa kuuanzisha. Ukipanda kilo 2 juu ya uzito wa chini, paketi ichukue nafasi ya mlo mmoja au miwili kwa siku. Ukipanda kilo 4, rudi paketi nne kwa wiki nne, kisha chakula kirudi hatua kwa hatua. Sasa unaanzishwa na ujumbe wa uzito anaoutuma kila Jumatano asubuhi. Asipoutuma wiki mbili mfululizo, muuguzi anampigia. Amepanda kilo 5.6, kwa hiyo paketi nne zilirudi. Asubuhi ileile lisinoprili miligramu 10 ilisimamishwa, na aliulizwa kama kuna dawa yoyote mpya aliyopewa kwingine katika miezi aliyokosekana. Siku ya kumi alikuwa na 122/76 akiwa amekaa na 116/74 akiwa amesimama.

Mwezi wa 12 ana kilo 94.2, pungufu ya 13.8 kutoka mwanzo. HbA1c ni 6.3 bila dawa ya sukari. Lisinoprili imerudi kwa miligramu 10. Paketi moja kwa siku inaendelea badala ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndio mlo anaoshindwa kuupima akiwa kazini, na dawa za kupunguza uzito zimetajwa kama hatua inayofuata iwapo atavuka kilo 98. Jina lake halikuondolewa kwenye orodha ya wagonjwa wa kisukari: picha za macho, vipimo vya figo, miguu na HbA1c vinabaki vya kila mwaka.